Manju wa Usukumani: yapi kweli, yapi si kweli

Msimu wa ngoma Usukumani huanza pale kazi ya shamba inapopungua. Mavuno yakishaingia ndani, kuanzia Juni, vijiji vya Kishapu, Kahama, Kwimba, Magu na Geita huanza kusikia mbina, yaani ngoma za mashindano, na watu huacha njia zao kufuata mlio. Mbele ya kila kundi yupo mtu mmoja anayejua mapema nani ataingia lini, mguu gani utangulie, wimbo upande wapi na mshangao utolewe saa ngapi. Kwa Kisukuma anaitwa ningi. Kwa Kiswahili ni manju.

Katika dunia ya baleti mtu mwenye kazi hiyo huitwa mtunzi wa miondoko, na jina lake huandikwa kwenye tangazo, kwenye kitabu cha historia na kwenye mkataba. George Balanchine, aliyezaliwa St Petersburg mwaka 1904 na kufariki New York mwaka 1983, ameandikiwa vitabu vya kujaza rafu. Manju wa Shinyanga aliyetunga maisha yake yote mara nyingi huzikwa pamoja na kazi yake. Sababu moja ni kwamba tumejiaminisha mambo mengi kumhusu yasiyo sahihi. Haya hapa tisa tunayoyasikia mara kwa mara, na ukweli wake.

1. "Ngoma za asili hazina mtunzi. Ni za mababu."

SI KWELI.

Kila wimbo ulianzia kwenye kinywa cha mtu, na kila mwondoko ulianzia kwenye mwili wa mtu. Tunachoita "asili" ni kazi za watu wengi zilizopendwa hadi zikarithiwa. Usukumani jambo hili ni rahisi kuliona kuliko kwingine, kwa sababu ningi hana haya ya kujitaja. Hujitaja ndani ya wimbo wake, hutaja baba yake, kijiji chake na mpinzani anayemtaka uwanjani. Wimbo hubeba sahihi ya mwenyewe.

Mtafiti wa muziki Frank Gunderson, Mmarekani aliyefanya kazi kwa miaka mingi Usukumani, alichapisha mwaka 2010 kitabu kinene chenye nyimbo zaidi ya 300 za kazi za Wasukuma: nyimbo za wawindaji, wapagazi wa misafara, askari, wakulima. Mle ndani hukutani na "kabila" linaloimba kwa sauti moja. Unakutana na watu wenye majina. Mmoja wao ni Kalikali ng'wana Mbagule, manju ambaye nyimbo zake zilikumbukwa na kuimbwa na watu wasiomjua kwa sura.

Hata vyama vyenyewe vya ngoma vinakumbuka majina ya waanzilishi. Bagika ni watu wa Ngika. Wenzao, Bagalu, humtaja Gumha kuwa mwanzilishi wao. Jamii inayowakumbuka waanzilishi wa vyama vyake kwa majina inajua vizuri kwamba ngoma ina mwenyewe. Kauli ya "mababu" imeingia baadaye, na imetuzoeza kuchukua bila kuuliza.

2. "Bagika na Bagalu ni makabila mawili yenye uadui."

SI KWELI.

Bagika na Bagalu ni vyama vya ngoma. Havigawanyi watu kwa ukoo wala kwa utemi, na kijiji kimoja huweza kuwa na wafuasi wa pande zote mbili. Masimulizi ya Usukumani yanaeleza kwamba katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walitaka kujua ni nani kati yao mwenye dawa kali zaidi. Badala ya kupigana waliamua kucheza. Atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mashindano yale yakazaa wafuasi, wafuasi wakazaa vyama, na vyama vikaenea Usukuma nzima hadi leo.

Ni kweli kwamba nyimbo za mashindano zina maneno makali. Manju humchana mpinzani wake, humkejeli mavazi, humkumbusha alivyoshindwa mwaka jana. Lakini hayo ni matunda ya utani na ubunifu, na yana mipaka yake. Ushindani wa Bagika na Bagalu ulifanya kazi ambayo katika miji mikubwa hufanywa na wahakiki wa magazeti: ulimlazimisha kila mtunzi kutunga upya. Wimbo wa mwaka jana ulikuwa tayari mikononi mwa adui, ameshautungia jibu. Hakuna aliyeweza kurudi uwanjani na kile kile.

3. "Anayeshinda mbina ni mwenye dawa kali, ufundi hauna maana."

NUSU KWELI.

Dawa ni sehemu ya historia hii, na kuificha ni kudanganya. Ngika na Gumha walikuwa waganga kabla ya kuwa viongozi wa ngoma. Makundi mengi yaliamini katika dawa za kuvuta watu na za kujikinga na hila za upande wa pili, na manju mkubwa alitarajiwa kuzijua. Imani hiyo ilimpa mchezaji ujasiri na ilimpa mtazamaji hamu ya kuja kuona.

Lakini tazama jinsi shindano lenyewe linavyokwenda. Makundi mawili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja. Hakuna meza ya majaji wala karatasi ya alama. Watu wako huru kusimama wanapotaka na kuhama wanapotaka, na kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda. Hapo kila dakika ni mtihani. Ukianza na kitu chako kizuri kuliko vyote, watu watakuja, watakiona, kisha wataondoka. Ukikichelewesha mno, watakuwa wameshaenda kwa jirani.

Kwa hiyo manju hupanga. Anaanza na ngoma ya kuwakusanya, anaweka wimbo wa kuwachekesha, anaruhusu wachezaji wapumzike bila uwanja kupoa, halafu anatoa kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Makundi ya Usukumani yamewahi kutumia nyoka, nungunungu, mavazi ya kutisha na vinyago vya mbao vyenye viungo vinavyochezeshwa kama mtu aliye hai. Vinyago hivyo vimehifadhiwa kwenye makumbusho na mikusanyiko ya sanaa nchini na ng'ambo, mara nyingi bila jina la aliyevichonga wala la manju aliyevitumia.

Kupanga kuingia na kutoka, kujua macho ya watu yapo wapi na kuyapeleka unakotaka, hiyo ndiyo kazi ya mtunzi wa miondoko popote duniani. Anayesema ni dawa tu anamnyima manju sifa ya akili yake.

4. "Ng'wanamalundi ni mtu wa hadithi, hakuwahi kuwepo."

SI KWELI kuhusu mtu. Visa vyake ni jambo jingine.

Hakuna jina la Kisukuma lililosafiri zaidi ya hili. Watoto wa Shinyanga na Mwanza hukua wakisikia kwamba alinyosha kidole mti ukakauka. Kwa sababu ya visa hivyo, wasomi wengi wa mjini humweka kapu moja na sungura na fisi wa ngano.

Ng'wanamalundi alikuwa mtu wa damu na nyama. Jina lake ni Igulu Bugomola, Msukuma aliyeishi enzi za Wajerumani na kuendelea hadi enzi za Waingereza. Sifa yake ilijengwa kwenye ngoma na uganga, vitu viwili ambavyo kwa Msukuma wa zama zile havikutenganishwa. Alikusanya umati kila alipocheza, na serikali ya Kijerumani, ambayo baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 ilikuwa na hofu na kila mtu mwenye dawa na wafuasi, ilimkamata.

Habari ya mti kukauka ni ya kuaminiwa au kutoaminiwa na kila msikilizaji. Lakini ukiondoa mti, bado unabaki na jambo kubwa: kijana wa kijijini, asiye mtemi wala akida, aliyeweza kwa mwili wake na sauti yake kukusanya watu wengi kiasi cha kuitia dola hofu. Tumeshika miujiza tukamwacha msanii. Ingekuwa haki kumfundisha shuleni kama mmoja wa wasanii wakubwa wa ngoma waliopata kuishi Tanganyika.

5. "Nyoka wa ngoma ni mazingaombwe, hakuna kazi pale."

SI KWELI.

Wacheza nyoka wa Usukumani wana chama chao, Bayeye, chenye mafunzo, miiko na dawa. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni Tanganyika, aliandika kuhusu chama hicho mwaka 1946, na tayari kilikuwa kikongwe. Mwanachama alijifunza kumtambua nyoka, kumshika, kumtunza na kumtibu aliyeumwa. Ngoma ilikuja juu ya elimu hiyo.

Anayeonekana zaidi uwanjani ni chatu, na chatu hana sumu. Hana haja ya kung'olewa chochote. Hatari yake ni nguvu za kukaza, na ugumu wake ni uzito. Kucheza na mnyama wa namna hiyo, anayebadilisha uelekeo pasipo kukuuliza, kunamtaka mchezaji ashike mapigo ya ngoma kwa miguu huku mikono na mabega yakimfuata nyoka. Manju lazima atunge mwondoko wenye nafasi ya kubadilika, maana nusu ya wachezaji wake hawasikii amri.

Watunzi wakubwa wa baleti wamewahi kukutana na tatizo hilo hilo. Tarehe 9 Aprili 1942 Balanchine alionyesha katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, dansi aliyoitunga kwa ajili ya tembo 50 na wanawake 50 wa baleti, kwa muziki wa Igor Stravinsky. Kazi ile haihesabiwi kuwa mazingaombwe. Imeingia kwenye orodha ya kazi zake rasmi.

Ngoma ya nyoka ilipofika Dar es Salaam ilipokelewa kwa shangwe. Vikundi vya utamaduni vya miaka ya 1980 na 1990, kama Muungano cha Norbert Chenga, viliifanya kuwa kivutio cha jioni zao kwenye kumbi za bia. Wengi walioshangilia hawakuwahi kusikia neno Bayeye.

Neno moja kwa usalama: dawa za Bayeye ni urithi wa kuheshimiwa, lakini aliyeumwa na nyoka leo apelekwe hospitali haraka.

6. "Bugobogobo ilitungwa kwa ajili ya majukwaa na sherehe za taifa."

SI KWELI.

Bugobogobo, ngoma ya majembe, ndiyo uso wa Usukuma kwa Mtanzania wa kawaida. Imefundishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, imechezwa na vikundi vya shule na vya majeshi, imepokea marais uwanjani. Vijana wakirusha majembe hewani na kuyadaka bila kuvunja mdundo, umati hupiga kelele. Ni rahisi kudhani kwamba kitu kizuri hivyo kilitungwa ili kitazamwe.

Kilitungwa ili watu walime nacho. Usukumani vijana walilima kwa makundi, chini ya kiongozi wao wa kijiji aliyeitwa nsumba ntale. Ngoma kubwa iliwekwa shambani, mpigaji akatangulia, na safu ya majembe ikashuka pamoja na kuinuka pamoja. Mdundo ulizuia mmoja kuchoka kabla ya mwenzake. Manju aliimba sifa za wenye bidii na aibu za wavivu, na shamba lililoonekana haliishi likaisha kabla jua halijachwa. Kilimo cha pamba kilipopanuka, na vyama vya ushirika vikaungana mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria chini ya Paul Bomani, kazi ya jembe iliongezeka na ngoma zake zikaongezeka nayo.

Gunderson ameonyesha pia kwamba nyuma ya mchezo wa jembe kuna ngoma ya zamani zaidi, ya wawindaji wa nungunungu. Wawindaji walicheza na wanyama wao. Wakulima walipochukua miondoko ile, jembe lilichukua nafasi ya nungunungu. Hapo unaona mtunzi akifanya kazi yake: anachukua alichorithi, anabadilisha kitu kimoja mkononi mwa mchezaji, na ngoma mpya inazaliwa.

Jukwaa la taifa lilikuja baadaye. Mwaka 1962, akihutubia Jamhuri ya Tanganyika iliyokuwa imezaliwa Desemba ile, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na akasikitika kwamba wengi waliosoma walijua rumba, chachacha na waltz lakini hawakujua ngoma za kwao. Kikundi cha taifa cha ngoma kikaundwa, na wachezaji wa bugobogobo wakapanda jukwaani. Safu iliyokuwa ikitazama udongo ikageuzwa kuwatazama watu. Wimbo uliokuwa wa siku nzima ukafupishwa uwe wa dakika chache. Kazi ile ilikuwa na faida yake, maana imeifikisha bugobogobo kila mkoa. Hasara yake ni kwamba jukwaani mtangazaji alitaja kabila, akaacha kumtaja mtunzi.

7. "Baleti na watunzi wakubwa ni wa Ulaya. Mtu wa machimbo ya dhahabu hawezi kufika huko."

SI KWELI, na ushahidi umetoka machimboni.

Siguiri ni mji wa kaskazini mashariki mwa Guinea, kwenye ukanda ambao dhahabu imechimbwa tangu zama za dola ya Mali. Leo kampuni ya AngloGold Ashanti inachimba Siguiri kama inavyochimba Geita. Katika mji huo, mwaka 1921, alizaliwa Fodéba Keïta.

Keïta alisomea ualimu katika shule ya William Ponty nchini Senegal, akafundisha, kisha akaenda Paris mwishoni mwa miaka ya 1940. Huko aliwakusanya Waafrika wenzake waliojua ngoma za kwao, akazitungia mpangilio wa jukwaa, na kundi lake likajulikana kama Les Ballets Africains. Alichagua jina la baleti kwa makusudi. Alitaka ngoma ya kijiji cha Kimalinke isimame kwenye ukumbi ule ule, kwa heshima ile ile, na kazi ya mtunzi yeyote wa Paris. Lilizunguka Ulaya, na mwaka 1959 likacheza New York. Baada ya Guinea kupata uhuru mwaka 1958 kundi lilifanywa kuwa la taifa, na nchi nyingi za Afrika zilizopata uhuru baadaye ziliunda vikundi vya taifa vya ngoma kwa mfano huo.

Maisha yake yaliishia kwa uchungu. Alikuwa waziri katika serikali ya Sékou Touré, kisha mwaka 1969 akatuhumiwa, akafungwa kambi ya Boiro mjini Conakry na kuuawa humo. Kundi lake halikufa naye. Limeendelea kucheza hadi karne hii.

Tofauti kati ya Keïta na manju wa Geita haimo katika kipaji. Keïta aliandika, na akalipa kundi lake jina. Dunia ikamtaja.

8. "Dhahabu imeua ngoma Kanda ya Ziwa."

NUSU KWELI.

Uchimbaji si mgeni hapa. Mwadui, wilayani Kishapu, Mkanada John Williamson alianza kuchimba almasi mwaka 1940. Geita ilikuwa na mgodi wa dhahabu enzi za Mwingereza. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi ukafuata mwaka 2009 na kufunga uzalishaji mwaka 2021. Mwaka 2012 Geita ilifanywa kuwa mkoa. Pembeni mwa migodi hiyo kuna maelfu ya wachimbaji wadogo kwenye maduara (mashimo ya kuchimbia), makarasha (mashine za kusaga mawe) na mialo (mahali pa kuoshea dhahabu) ya Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko.

Madhara kwa ngoma yapo. Mbina inategemea kalenda ya shamba: watu walime pamoja, wavune pamoja, wapumzike pamoja. Duara la dhahabu halina msimu. Kijana anayeingia shimoni usiku na kutoka alfajiri hana miezi mitatu ya kujifunza kurusha jembe. Jembe lenyewe limepungua mbele ya plau na trekta, na kundi la kulima kwa ngoma limekosa shamba la kulima.

Lakini pesa ya dhahabu imefanya pia kinyume chake. Mtu aliyepata hupenda kusifiwa, na manju anajua kusifu. Harusi za Kahama, Katoro na Geita hukodisha waimbaji wa Kisukuma kwa malipo ambayo mkulima wa pamba asingeyamudu. Wanasiasa nao huwaita kila uchaguzi. Wasanii kama Bhudagala Mwanamalonja wamepeleka Kisukuma kwenye studio na kwenye simu za mkononi, na video zao zimejaa safu za wachezaji wenye njuga, waliopangwa kwa miondoko inayotambulika kuwa watoto wa mbina. Ngoma imehama kutoka shambani kwenda mtaani. Haijafa.

Kinachokufa ni mafunzo. Zamani kijana alikaa miaka nyuma ya manju, akapiga ngoma ndogo, akabeba vifaa, akaimba kiitikio, hadi siku alipoachiwa mbele. Leo anatazama video usiku, kesho anapanda jukwaani. Anachukua mwondoko, sababu yake haijui.

9. "Tukirekodi kwa simu tumeshahifadhi, na ngoma ya asili haina haki miliki."

SI KWELI mara mbili.

Kwanza, video inaonyesha kilichotokea siku moja, kwa jicho la kamera moja. Haionyeshi manju alikuwa anawaza nini, mchezaji wa nyuma alikuwa anahesabu vipi, wala wimbo ulibadilikaje upepo wa umati ulipogeuka. Watu wa baleti wana video nyingi kuliko sisi, na bado hawaziamini peke yake. Balanchine aliziacha kazi zake kwa wosia kwa watu waliokuwa karibu naye, wengi wao wachezaji, na mwaka 1987 ukaundwa mfuko wa kuzisimamia. Kampuni inayotaka kucheza baleti yake huomba ruhusa, hulipa, na hutumiwa mwalimu aliyeijua kazi kwa mwili wake ili aifundishe ana kwa ana. Mwili hufundisha mwili.

Pili, sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, inataja utunzi wa dansi miongoni mwa kazi zinazolindwa, na ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi. Kazi ya mtunzi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Manju anayetunga wimbo na miondoko mipya leo ana haki sawa na mwandishi wa riwaya au mwimbaji wa bongo fleva. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ipo kwa ajili yake pia. Anachokosa mara nyingi ni mtu wa kumweleza hivyo kwa Kisukuma, na ushahidi ulioandikwa kwamba kazi ni yake.

Mfano wa kuhifadhi tunao karibu. Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya vifaa, nyimbo na masimulizi pamoja na wazee wa Usukuma. Makumbusho ya Wasukuma yakazinduliwa mwaka 1968, na sehemu yake moja inahusu vyama vya ngoma. Kila Juni, katika majira ya sikukuu ya Ekaristi, Bagika na Bagalu hukutana huko kwa mashindano ya Bulabo. Bujora haikuhifadhi ngoma kwa kuifungia kabatini. Iliwapa manju uwanja, mpinzani na umati, vitu vitatu ambavyo mtunzi hawezi kukua bila hivyo.

La kufanya

Maafisa utamaduni wa Shinyanga, Geita, Simiyu na Mwanza, anzeni na daftari. Andikeni jina la kila manju aliye hai katika kata zenu, kundi lake, aliyemfundisha na kazi alizotunga. Haihitaji bajeti kubwa.

Halmashauri zenye migodi, mnayo nafasi ambayo wengine hawana. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kampuni ya uchimbaji hupaswa kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana nao na halmashauri. Madarasa na zahanati vitangulie, ni haki. Lakini katika mpango huo iwemo pia posho ya manju mzee anayefundisha vijana, na uwanja wa mbina usiovamiwa na maduka.

Walimu, mnapofundisha bugobogobo kwa ajili ya mashindano ya shule, waambieni watoto imetoka wapi na mmeipata kwa nani. Mabwana harusi na wagombea, mnapomlipa manju, mtajeni kwenye kipaza sauti kwa jina lake kamili. Na wewe unayeweka video ya ngoma mtandaoni, andika chini yake nani ametunga na nani anaongoza. Huo ni mstari mmoja tu, na bila huo kazi ya maisha ya mtu inageuka kuwa "ngoma ya asili" isiyo na mwenyewe.